Kanji Ahamia Kiti cha Dereva

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, wenzake walimwita Kanji, kama ule wanga wa kukazia nguo, kwa sababu hata afanye kazi saa nane mfululizo, mgongo wake haukupinda. Alisimama mwisho wa ile mashine ndefu ya kupigia pasi, akayapokea mashuka yakiwa ya moto, akayakunja mara nne, akayapanga. Mvuke ulimtoa machozi kila siku. Kwa hiyo mwaka ule mumewe alipoondoka, hakuna aliyejua machozi yapi ni ya mvuke na yapi ni yake.

Mume hakuondoka kwa vurugu. Alipata nyumba nyingine na mke mwingine, akaja Jumamosi moja kuchukua nguo zake na redio. Gari aliliacha. Si ukarimu, lilikuwa mkweche, na asubuhi hiyo lilikataa kuwaka.

Lakini kwa wanawe wawili, gari hilo ndilo lililokuwa sikukuu yenyewe. Kila mwaka siku ya sikukuu baba aliliosha mapema, mabinti wakagombania dirisha, Kanji akapakata chupa ya chai kiti cha mbele, na safari ya kwenda kwa bibi yao, mzaa baba, ikaanza. Saa mbili na nusu njiani, baba akiimba na kukosea maneno makusudi ili wanawe wamsahihishe.

Sikukuu ya kwanza bila yeye, Kanji aliomba apangiwe zamu. Aliwaacha mabinti kwa jirani, akajikaza kisabuni, akakunja mashuka mpaka saa kumi jioni. Alijidanganya kwamba siku isipotajwa, haitauma.

Aliporudi, jirani alimwonyesha uani kwa kidevu tu. Mabinti walikuwa ndani ya gari, wamevaa nguo zao mpya. Mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, alishika usukani kwa mikono miwili. Mdogo, wa miaka sita, alikaa nyuma na mkoba magotini.

"Mnafanya nini humo?"

"Tunakwenda kwa Bibi," mdogo akajibu. "Dada anasema tumefika nusu ya njia."

Kanji alifungua mlango, akaketi kiti chake kilekile cha siku zote. Mkubwa alikuwa akitazama mbele, ukutani.

"Mama, kwani Bibi ametukataa na sisi?"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna. Ila hatujaenda."

Swali hilo lilimfuata wiki nzima. Bibi hakuwa amemkataa mtu. Ni yeye Kanji aliyejifungia njia, akiamini mke aliyeachwa hana uso wa kubisha hodi ukweni.

Wiki iliyofuata alimwita fundi wa gereji ya jirani, mzee mnene waliyemwita Spana. Akafunua boneti, akachungulia, akanusa.

"Hili halijafa," akasema. "Limesusa tu. Litaendeshwa na nani?"

"Mimi."

"Unajua gari?"

"Najua kukaa pembeni ya dereva."

"Basi sogea kiti kimoja."

Ikawa kila Jumapili, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya gereji, Kanji anakamata usukani na Spana ameketi kando yake, akikanyaga breki ambayo upande wake haikuwepo. Injini ilizima mara nyingi hadi Spana akasema amejifunza uvumilivu ambao ndoa haikumfundisha. Mtihani wa kwanza wa leseni Kanji aliangusha pipa, akafeli. Kesho yake kazini wenzake wakamtania: "Kanji, leo umepinda?"

"Nimekunjwa," akawajibu, "sijachanika."

Mara ya pili alifaulu. Akabaki na lililo gumu kuliko klachi na gia. Siku kumi kabla ya sikukuu ya mwaka uliofuata, alimpigia simu mama mkwe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Nilitaka kuwaleta wajukuu zako sikukuu."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye dereva."

Mama mkwe alivuta pumzi. "Mwaka jana nilipika, nikakaa mlangoni hadi chakula kikapoa. Nikajua umenibebesha makosa ya mwanangu."

"Nilidhani sina njia tena ya kuja, Mama."

"Aliyekuacha ni yeye. Mimi sijakuacha."

Kanji alilia, na safari hii hapakuwa na mvuke wa kusingizia.

Siku ya sikukuu waliosha gari wote watatu, wakalowana. Mkubwa alipewa kiti cha mbele na chupa ya chai. Walipoliacha soko nyuma, mdogo akauliza kwa sauti ndogo, "Nani ataimba?" Kanji akasema, "Leo dereva haimbi, anaimbiwa." Wakamwimbia, na kila alipokosea kuitikia, walimsahihisha kwa furaha.

Kwenye mlima mkali kabla ya mji wa bibi, injini ilizima. Nyuma yao lori lilianza kupiga honi.

"Mama, lori."

"Nalisikia. Likichoka litanyamaza."

Akavuta breki ya mkono, akawasha, akaachia klachi taratibu mpaka gari likatetemeka, ndipo akaishusha breki. Gari likapanda. Mabinti walipiga makofi hadi kileleni.

Mama mkwe alikuwa getini. Alikitazama kiti cha dereva kwanza, kisha wajukuu, kisha akawakumbatia wote kwa mpigo. Walikula, wakacheka, na jina la aliyekosekana likatajwa bila mtu kuinamisha kichwa.

Baada ya chakula mama mkwe alijifuta mikono, akavaa viatu vyake vizuri.

"Mwanangu ameliendesha gari hili miaka saba, sijawahi kuketi mbele. Hebu nizungushe."

Wakazunguka mtaa mzima, mabinti nyuma, bibi mbele, kiwiko nje ya dirisha, akimsalimu kila aliyekuwa barazani.

"Unaendeshwa na nani leo?" jirani mmoja akauliza.

"Na mkwe wangu," akajibu, kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Kanji akaendelea kwa gia ya pili, polepole, asije mtu akarukwa bila salamu.