Mteja Mkubwa wa Depo ya Sake

Ukifika Sake ukauliza depo ya maharagwe iko wapi, watu watakuonyesha kwa kidevu: pale njia inapogawanyika, moja ikipanda Masisi na nyingine ikielekea Minova. Ukiuliza kwa nini kina mama wanapanga foleni pale na kuziacha depo nyingine zikipiga miayo, hawatakuambia habari za mahali. Watakutajia mtu. Emérence Mukankusi, mjane wa Benoît, msimamizi wa depo, mwanamke mnene wa sauti nyembamba, mwenye mkono wa kulia ambao wanunuzi wanauheshimu kuliko mizani.

Mizani husema kilo, mkono wa Emérence huongeza. Ziada hiyo huku inaitwa matabish. Haidaiwi kwa maneno. Mnunuzi akishapimiwa mzigo wake na kulipa, hubaki amesimama tu, mfuko wazi, akiangalia pembeni kama aliyesahau njia ya kwao, mpaka muuzaji achote tena. Depo isiyotoa matabish inaweza kuwa na maharagwe mazuri kuliko yote ya milima ya Masisi na bado ikalala nayo.

Shida ni kwamba kompyuta haijui matabish. Benoît ndiye aliyeigundua shida hiyo, maana alikuwa mhasibu wa depo tangu siku za ile programu ya zamani, yenye kioo cheusi na maandishi ya kijani. Programu ile ilikuwa na ubishi mmoja: hakuna punje inayotoka ghalani bila jina la mteja. Bei ilikubali iwe sifuri, jina lilikuwa lazima. Benoît akataka kuziandika zile konzi za bure kuwa hasara, Emérence akamkatalia. Hasara ni ya panya, alisema, mtu akipewa chakula kwa mkono hiyo si hasara. Walibishana mpaka ugali ukapoa. Mwishowe Benoît akakuna kichwa, akaandika jina la mama yake mzazi, Nyirabagenzi.

Mama huyo alikuwa amekwisha kuzikwa kwao Bihambwe. Lakini enzi zake hakuna aliyetoka uani kwake mikono mitupu, hata yule aliyekwenda kumgombeza kwa sababu ya mbuzi wake aliondoka na viazi. "Kama kuko muntu anagawa bitu bya bure hapa," alisema Benoît, "njo yeye." Basi kila jioni matabish yote ya mchana yakauzwa kwa Nyirabagenzi, kwa bei ya sifuri, na hesabu ya ghala ikakaa sawa. Mwenye depo, mzee Darius Dusabimana, hakuwahi kukitazama kile kioo. Alitazama foleni, akaridhika.

Benoît naye alipofariki, Emérence, ambaye mpaka hapo alikuwa akipima tu, akarithi kiti chake na kazi ya kuandika. Na tuseme ukweli, alilipenda lile jina la jioni. Akimwandika mabukwe, mama mkwe wake, alihisi familia bado imekaa pamoja mezani, hakuna aliyeondoka.

Mambo yangeendelea hivyo kama mzee Darius asingechoka na kumwachia kazi mwanawe Jean-Luc, anayekaa Goma. Jean-Luc si mtu mbaya, ila ni mtu wa kutaka kuona. Alinunua programu mpya ili depo zote azione kwenye simu yake, akamtuma Sake mhasibu wake, Gaëlle Kayitesi, kuhamisha kila kitu kutoka mashine ya zamani. Gaëlle ni msichana wa kucheka upesi na kula sombe, kisamvu cha huku, bila aibu, na Emérence alimpenda kabla ya chai ya kwanza kuisha. Walikaa siku kadhaa wakisafisha orodha ya wateja. Mama Cindy peke yake alikuwa ameandikwa mara nyingi, kila mara na tahajia mpya, nao walicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Kisha Gaëlle akaibofya programu iwapange wateja, anayechukua mzigo mwingi akae juu. Kicheko kikamkauka.

"Mama Emérence, huyu Nyirabagenzi njo nani? Anabebaka maharagwe mingi kuliko hata bale ba restaurant ba Goma. Na hakuna siku alilipa."

Hapo ndipo Emérence alipojikwaa. Angesema kweli, wangecheka tena, habari ingeisha. Lakini tajiri mpya hakumjua bado, na woga ni mshauri mbaya.

"Iko mu-mama moja wa Bihambwe," alijibu.

Haukuwa uongo kamili. Mama mkwe yuko Bihambwe hata leo, kwenye makaburi ya nyuma ya kanisa. Gaëlle akauliza atalipa lini, Emérence akasema hayo yalikuwa mambo ya Papa Darius, akaenda kuhesabu magunia ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa.

Programu mpya haikuwa na adabu ya ile ya zamani. Ilipopokea lile jina ikalipaka rangi nyekundu, na jioni Emérence alipotaka kuandika matabish ikamkatalia: mteja huyu amefungwa. Kesho yake Jean-Luc akapiga simu. Alikuwa ameuona wekundu ule kutoka Goma.

"Siku ya soko nitafika mwenyewe," alisema. "Muniitie ule mama, nimuone na macho."

Njia ya mwongo ni fupi, na Emérence aliuona mwisho wake waziwazi. Mteja asiye na uso, anayechukua chakula cha watu bila kulipa, naye ni mama mzazi wa mhasibu aliyemwandika: yeye mwenyewe angekuwa tajiri, angesema huu ni wizi. Angefukuzwa kazi, hilo alilijua, na umri wake si wa kwenda kuanza upya kubeba mihogo. Lakini kilichomnyima raha zaidi kilikuwa kingine. Wangemwita Benoît mwizi, naye hayupo kujitetea.

Siku ya soko Jean-Luc alishuka garini mapema, akasalimia vizuri, akakaa kwenye kiti cha plastiki.

"Mama Emérence, ule mama iko wapi?"

Emérence alikaza kikwembe chake kiunoni. Alikuwa ameandaa maneno mengi njiani, yote yakamtoroka.

"Patron, alishakufaka zamani. Ilikuwa mama ya Benoît wangu."

Akamweleza yote, tangu ubishi wa hasara mpaka uongo wake kwa Gaëlle. Gaëlle aliinamisha macho. Jean-Luc alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo lilimtisha Emérence kuliko kelele.

"Kwa hiyo mulikuwa munaandika maharagwe yangu kwa muntu mwenye alishakufa."

"Njo vile, Patron."

"Na mimi nitajuaje kama haikuwa inaenda kwako ku nyumba?"

Swali hilo lilimchoma, na ubaya wake ni kwamba lilikuwa la haki. "Hautajua," alisema polepole. "Utauliza bantu."

Jean-Luc akasimama. Tangu leo matabish imekwisha, alisema, bei ni bei. Nyirabagenzi atafutwa. Na kuhusu Emérence, ataamua kabla ya kurudi Goma.

Kina mama wakaanza kuingia. Wa kwanza akapimiwa, akalipa, akabaki amesimama, mfuko wazi, akiangalia pembeni. Emérence alikaa na mikono magotini. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba gunia. Wa pili naye hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa Murekatete, mwanamke wa Shasha, ambaye kila siku ya soko hupanda na beseni la sambaza, samaki wadogo kama dagaa, akaziuza mlangoni pa depo, kisha akarudi kwao ziwani na maharagwe.

"Mama Emérence," alisema kwa huruma ya kweli, "mukono inakuuma?"

"Hapana, dada. Leo bei ni bei."

Murekatete akamtazama, akamtazama na tajiri kwenye kiti cha plastiki, akaelewa. Alitoka nje, na ndani ya muda mfupi soko zima lilikuwa na habari, na foleni ikaanza kuliwa kutoka mkiani. Jean-Luc aliiona. Alisema watazoea, ila alilisema mara mbili, na mtu mwenye uhakika husema mara moja.

Jua lilipopanda akatoka mlangoni kununua sambaza za kupeleka nyumbani. Murekatete alimpimia sahani zake, akazimimina mfukoni, akapokea pesa. Na tajiri akabaki amesimama. Mfuko wazi mkononi. Akiangalia pembeni, upande wa barabara ya Minova, kana kwamba kuna kitu kule.

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Emérence aliyaona yote kutoka mlangoni, na pamoja na hofu yake kicheko kilimpanda kifuani, akakizuia kwa kikwembe.

"Patron," Murekatete aliuliza kwa heshima kubwa, "kuko kitu ingine?"

"Aa. Hapana."

Lakini miguu haikuondoka. Mtu aliyelelewa Kivu, kichwa chake kinaweza kutoa amri yoyote, miguu ina malezi yake.

"Juu leo," akasema Murekatete bila kutabasamu, "bei ni bei."

Gaëlle ndiye aliyepasuka wa kwanza. Alijikunja mpaka akashika mlango, kina mama wakafuata, na kelele ikavuka njia. Jean-Luc alisimama katikati yao na mfuko wake, masikio yamemwiva. Kisha mabega yakaanza kumtikisika naye.

"Mama yangu alikuwa ananirudisha ku soko," alisema alipopata pumzi. "Nikileta samaki bila matabish, ananirudisha."

Murekatete akamchotea konzi ambayo wanawake wa Shasha hawampi kila mtu. Jean-Luc hakuondoka bado. Alimwuliza, sasa kwa sauti ya chini, mkono wa Mama Emérence ni wa namna gani.

"Patron, ile mukono njo inatuletaka hapa. Ingine depo iko karibu na gari, ningenunua kule nisichoke." Akafikiri. "Hata wakati ya taabu, bantu banakimbia na bitu ku kichwa, alikuwa anatuongezea. Muulize mwenye unataka."

Akawauliza wengine wawili, maana ni mtu wa kutaka kuona. Kisha akarudi ndani.

"Gaëlle, mufungulie ule mama."

Gaëlle akafuta machozi ya kicheko, akabofya. "Patron, programe inaomba numero ya telefone. Bila numero haimufungue."

Macho yote yakamgeukia Emérence. Akaona amesemeshwa yeye. "Mabukwe hakukuwaka na telefone," alisema. "Na kule alienda, sijue kama kuko réseau ya telefone."

"Andika yangu," akasema Jean-Luc.

"Patron, kila jioni itakutumia message, ya kumushukuru juu alinunua."

"Itume."

Emérence alikuwa bado amesimama, kwa sababu lake halijasemwa. Ilibidi aulize mwenyewe. "Na mimi?"

"Wewe ukae pale unakaaka." Jean-Luc akachukua mfuko wake wa sambaza, ambao sasa ulikuwa mzito kiasi. "Lakini siku ingine nikikuuliza muntu, uniambie kama alishakufa."

Alipokwisha kuondoka, Emérence aliingia nyuma ya magunia akalia kidogo, kilio kizuri, akimwambia Benoît kwamba jina lake limekaa salama. Gaëlle alimletea maji.

Miezi ikapita, na kila jioni simu ya Jean-Luc kule Goma ikapokea shukrani zilizoandikiwa Mama Nyirabagenzi. Kisha ikaja juma ambalo njia zilifungwa. Watu wa Sake walikaa ndani wakisikiliza milio ya silaha milimani, soko halikujaa, na depo ikafungua mlango nusu bila kuuza hata kopo. Siku ya pili ya hali hiyo simu ya Emérence ikaita.

"Mama Emérence, tangu jana sijapata habari ya mama," alisema Jean-Luc. Hakukuwa na mzaha ndani ya sauti yake. "Iko muzuri?"

Emérence aliketi juu ya gunia. Tangu wamzike mabukwe, hakuna mtu wa nje ya ukoo aliyewahi kumuulizia hali.

"Iko muzuri, Patron," alisema. "Sisi bote tuko bazuri. Njia njo imefungwa."

"Mumupe pole. Mufunge mulango, mukae ndani."

"Ndiyo, Patron. Asante."

Alikata simu akainuka. Karibu na mlango walikuwepo mwanamke mmoja na watoto wake, watu wa kupita, waliojibanza hapo tangu asubuhi bila kuomba kitu. Emérence akamwita mwanamke alete kitambaa. Akamchotea, kisha akaongeza, akaongeza tena. Halafu akawasha kompyuta, akaandika Nyirabagenzi, bei sifuri, ili Goma wajue kwamba mama ni mzima na bado anagawa.