Siku Mama Kipimo Alipomwiba Mama Mkwe

Kijiji kizima kule mlimani kilimwita Mama Kipimo, na si kwa upendo. Kwa miaka kumi na mmoja, kila asubuhi alichungulia kipimo cha mvua kilichosimikwa nyuma ya zahanati, akaandika namba daftarini, kisha akapiga simu idara ya hali ya hewa. Miaka miwili nyuma alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi watu wahame kabla mlima haujaporomoka. Wakahama. Mlima haukutikisika, ila wezi waliingia wakakomba mpaka masufuria. Tangu hapo, akisalimia, anajibiwa kwa miguno.

Baridi ya mwaka huu ilikuja na mvua ya siku tisa mfululizo. Siku ya kumi alikuta kipimo kimefurika. Akapanda kukagua mteremko, akaona ufa unaomeza mkono mzima, juu kabisa ya nyumba ya mama mkwe wake.

Shemeji yake, seremala, alimzuia mlangoni, randa mkononi.

"Shemeji, ondokeni. Mlima umepasuka."

"Umeanza tena? Kaka yangu ulishamzika, sasa unaitaka na nyumba yake?"

"Njoo basi uone kwa macho yako."

"Toka hapa, kabla sijasahau kwamba wewe ni shemeji yangu!"

Akatoka, lakini hakwenda mbali. Alizungukia mlango wa jikoni, akamkuta mama mkwe ameketi kando ya moto, miguu imemvimba hata kusimama hawezi. Hakumwomba ruhusa. Alimbeba mgongoni, akashuka naye shambani, matope yakimfika magotini. Bibi kizee akamng'ata sikio mpaka likachuruzika damu.

"Jamani, naibiwa! Mchawi huyu ananiua!"

Seremala alichomoka na rungu. Mkewe na wanawe wakamfuata, majirani nao wakajiunga, wakiporomosha matusi ya nguoni. Walimpata kwenye uwanja wa shule, ng'ambo ya daraja. Rungu la kwanza lilimshukia begani. La pili lilikuwa bado hewani mlima uliponguruma.

Walipogeuka, nyumba zote nne za upande ule hazikuwapo. Ulikuwapo udongo tu, ukitambaa, na mti mmoja ukisafiri juu yake umesimama wima.

Hakuna aliyekufa. Hakuna aliyesema asante pia. Seremala alitema mate. "Umeuita mwenyewe," akasema, na nyuma yake watu wakaitikia, "Kweli kabisa."

Mama mkwe alilazwa kwa Mama Kipimo, maana mahali pengine hapakuwa na nafasi. Siku tatu alikula akiwa ameelekea ukutani. Siku ya nne akafungua mdomo.

"Kaburi la mwanangu limefukiwa. Ungeniacha nikalale naye."

"Alikuwa mume wangu pia, mama," alijibu Mama Kipimo, akisogeza sahani kwa mkono mmoja, maana ule mwingine ulikuwa bado haunyanyuki. "Kula, chakula kinapoa."

Bibi kizee akaisukuma sahani mpaka ikaanguka.