Namba Inayoingia kwa Baba Mkubwa

Kwetu, upande wa Ahero, mwenye boma ndiye hutangulia. Mvua ikianza, yeye hupanda kwanza. Mavuno yakiwa tayari, yeye huonja kwanza. Akichelewa, mbegu za watu wake hukaa kwenye gunia hata kama majirani wameshapalilia. Nilipokuwa mtoto sikuona ubaya wa desturi hiyo. Niliuona asubuhi moja mto ulipovunja kingo zake, na baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu, akaweka kiti langoni na kusema boma halihamwi kama banda la kuku.

Majirani walipita wakiwa na magodoro vichwani, wakielekea shule ya msingi iliyo mahali pa juu. Walituita. Sisi tulimtazama mwenye boma. Maji yalipofikia miguu ya kiti chake, aliinua miguu yake. Ndiyo hekima pekee niliyoiona kwake siku ile. Alipokubali kuondoka, alitoka mbele yetu sote kama ipasavyo, kiti mkononi. Mimi nilikuwa wa mwisho, nimembeba nyanya mgongoni. Nyanya alikuwa mama yake yeye mwenye boma. Barabarani maji yalinifika kifuani na yalikuwa yanavuta. Nilifika shuleni na leso yake tu.

Kwenye matanga ya nyanya baba mkubwa alisifiwa kwa sababu alichinja ng'ombe mkubwa.

Baada ya hapo nilihamia mjini, mtaa wa Nyalenda, nikawa nauza maji kwa mkokoteni. Mikono yangu ikaanza kunikataa. Nikiinua mtungi uliojaa, inatetemeka mpaka maji yanamwagika. Wateja hawakukosa la kusema. Mama mmoja aliniuliza, "Wewe mtoto, haya maji unaniuzia ama unaoga nayo?" Wengine wakaanza kununua kwa mtu mwingine. Mimi nilisoma mpaka darasa la nane tu, na kuongea na watu kunanipa shida. Kazi yangu iko mikononi. Isipotulia, sina chakula.

Muuguzi wa zahanati aliikandakanda, akasema mifupa haina neno, kinachotakiwa ni mshauri wa mambo ya akili. Mshauri wa kulipia pale mjini hakuwa wa mtu kama mimi. Lakini kwenye hospitali kubwa, alisema, bima ya serikali ingelipa. Nilikuwa na bima. Baba mkubwa alipoandikisha watu wa nyumba yake aliniweka miongoni mwa watoto wake, na kila mtu alimshukuru, mimi nikiwemo.

Karani wa mapokezi hakuinua macho. "Simu."

Nikampa yangu.

"Si hii. Mwenye bima ni nani?"

Nikamwambia.

"Sema kwa sauti, hapa si kanisani."

Nikasema kwa sauti, jina lake na huduma niliyotaka, na foleni yote ikajua mimi ni mtoto wa nani na nimekuja kuonana na nani. Kumbe hakuna linalofanyika mpaka namba ya kuthibitisha itumwe kwenye simu ya mwenye bima, naye aisome. Ilibidi nimpigie. Baba mkubwa siku hizi anaishi Nyamasaria, na mchana kutwa huketi na wazee wenzake mbele ya duka la vipuri. Simu yake huiweka spika, ili wenzake wasipitwe na kitu.

"Baba, kuna namba imeingia kwako. Naomba unisomee."

"Imeandikwa hospitali. Unaumwa?"

"Mikono."

"Hapa wanasema ushauri. Ushauri wa nini? Mimi sikushauri?"

Nikasikia wazee wakicheka. Mmoja akasema, "Jaduong', mzee wetu, msomee haraka kabla hajaanza kuokota makaratasi njiani kama kichaa!"

Akaisoma tarakimu moja moja, akikohoa katikati, kama anatangaza bei ya ng'ombe sokoni. Alipofika mwisho ilikuwa imeshakufa, muda wake umepita. Karani akaomba nyingine. Ikasomwa hiyo nayo, na wazee wakacheka tena.

Mshauri alikuwa dada mpole mwenye meza ndogo. "Tumebaki na muda mfupi," alisema. "Nini kimekuleta?"

Nilitazama meza. Kilichonileta kilikuwa kimetoka tu kunisomea namba. Nikasema silali vizuri. Akaandika kwamba silali vizuri.

Jioni baba mkubwa akapiga. "Umewaambia nini huko? Mambo ya boma hayapelekwi kwa watu."

"Sijasema kitu, Baba."

"Vizuri."

Nilirudi tena na tena, na kila mara ikawa vilevile. Siku nyingine baba mkubwa alikuwa matangani, simu imezimwa, nikakaa kwenye benchi mpaka saa ya mshauri ikapita. Siku nyingine alinisomea namba kisha akaniwekea mzee mmoja kwenye simu aniombee, mkono wangu ukiwa bado juu ya kaunta na karani akipiga miayo. Nilipomlalamikia mshauri, alisema mfumo ndio unataka hivyo. Kila mtu pale alilitaja neno hilo kama watu wanavyotaja mvua. Lakini mvua haikupangwa na mtu. Huu mfumo watu waliosoma sana walikaa kwenye ukumbi, wakanywa chai, wakapanga kwamba mtu akitaka kusema siri ya moyo wake, kwanza abishe hodi kwa mkubwa wa nyumba. Kwa hilo hawakuhitaji kusoma. Wangekuja kwetu wangelipata bure.

"Ukiwa na kitambulisho unaweza kujiandikisha mwenyewe," mshauri aliniambia siku moja. "Namba itaingia kwako."

Kitambulisho changu kilikuwa kimeshatoka. Kilikuwa kwenye ofisi ya chifu. Baba mkubwa alisema tutakifuata pamoja, yeye akipata nafasi, na mimi nilikuwa namngoja. Nikiwa kwenye lile benchi nikaona wazi kwamba bado niko ndani ya boma na maji yanapanda.

Nilikwenda peke yangu. Karani wa chifu akanitazama, akatazama mlango nyuma yangu.

"Baba yako yuko wapi?"

"Leo nimetangulia," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka, na kitambulisho nacho kikatoka.

Mchango wa bima ulitakiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo, kana kwamba sisi wauza maji hulipwa mshahara. Nikauza mkokoteni. Kijana aliyekuwa ananiandikisha kwenye kompyuta aliuliza, "Mkuu wa nyumba?"

"Mimi."

Akacheka. "Nyumba gani, buda?"

"Chumba kimoja, Nyalenda."

Akaandika.

Siku yangu ilipofika, namba iliingia kwenye simu yangu. Nilimwonyesha karani bila kusema neno, na ilikuwa raha kutosema. Mshauri alifunga mlango. Kabla hajauliza kitu, simu ikalia. Alikuwa baba mkubwa. Siku zangu za hospitali alizijua, wazee wake walikuwa wameshaketi, na namba ilikuwa haijaingia kwake.

"Pokea, kama ni la maana," mshauri alisema.

"Si la maana."

Ikalia mpaka ikachoka, ikaanza tena. Nikaizima. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikaiweka juu ya meza aione. Kisha nikaanza kumweleza habari ya mtu mmoja aliyeweka kiti langoni.