Wifi Yangu Alipohamia Baiskeli ya Resi

Wifi yangu hapandi basi. Si kiburi, ni tumbo. Basi likipita vituo viwili tu midomo inampauka, na likifika cha tatu kondakta mwenyewe anamfungulia mlango na kumwombea. Amejaribu limau, amejaribu tangawizi, amejaribu kukaa mbele akikodolea macho barabara, wapi! Tangu niolewe na kaka yake, miaka ishirini na minane sasa, sijamwona akienda popote pa mbali ila kwa baiskeli.

Ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kiko upande wa pili wa mji, juu ya duka la rangi, kilomita kumi na tatu kutoka kwetu. Anashona nguo za kazi: makoti ya manesi, ovaroli za mafundi, aproni za wapishi. Za harusi hataki hata kuzisikia. Husema, "Gauni la harusi huvaliwa siku moja na kulaliwa na nondo miaka arobaini. Koti la nesi litafuliwa mara mia tatu, na kila likifuliwa atanikumbuka." Mungu hakumjalia mume wala mtoto, lakini kicheko alimpa cha watu wanne. Anaishi nasi, chumba chake ni kile cha uani, na jirani wa nyumba ya tatu anajua ameamka saa ngapi kwa kumsikia anavyocheka na kuku.

Baiskeli yake ya zamani ilikuwa ya usukani ulionyooka, mpini huku na mpini huku, basi. Juu yake aliketi wima kama mwalimu mkuu, mfuko wa vitambaa nyuma, na miaka kumi na miwili aliipanda hivyo, kwenda na kurudi.

Ganzi ilianzia kidole kidogo cha mkono wa kulia. Akasema amelalia mkono. Ikaingia cha pete, akasema ni baridi. Wifi yangu ni mtu wa kutafuta visingizio vya magonjwa yake kama vile anayatetea mahakamani. Mimi nilimwona akishindwa kuokota pini mezani, anaifuata kwa kucha kama mtu anayekamata kiroboto, nikanyamaza. Najuta nilinyamaza.

Siku moja nesi mmoja, mteja wake wa zamani, alikuja kuchukua koti. Ijumaa huwa naenda kumsaidia wifi kukata nyuzi na kupiga pasi, kwa hiyo nilikuwepo. Nesi akalifungua koti, akaona doa jekundu kwenye kola, bichi.

"Fundi, umejichoma."

"Mimi? Sijajichoma."

"Hebu tuone mkono."

Sindano ilikuwa bado imo kwenye kidole, imezama kama mwiba, na wifi yangu anatabasamu hana habari. Nesi aliichomoa polepole, kisha akamketisha akaanza kumhoji. Unapanda baiskeli? Mwendo gani? Unashika wapi? Wifi akamwonyesha kwa kushika ukingo wa meza.

"Saa nzima hapo hapo?"

"Sasa nishike wapi tena, masikio?"

Nesi alicheka, lakini maneno yake hayakuwa ya kuchekesha. Alisema uzito wote wa mwili unakaa juu ya kiganja mahali pamoja, kila siku, na mishipa ya fahamu inakandamizwa. Apumzike wiki tatu bila baiskeli. Akiendelea, hisia inaweza kuondoka isirudi.

Alipumzika, akawa anashona kwa mkono nyumbani, na vidole vikaamka. Tulimshukuru Mungu. Siku ya ishirini na mbili akapanda baiskeli kwenda kazini, na siku ya ishirini na tano ganzi ikarudi na mizigo yake yote. Jioni hiyo nilimkuta ameketi kitandani, mikono imelala mapajani kama vitu vya kuazima.

"Wifi," akaniambia, "nikiiacha baiskeli sifiki kazini. Nisipoiacha nitafika, lakini nitafika bila mikono. Sasa nichague nini?"

Nilishika ile mikono nikasali. Sikumwomba Mungu baiskeli nyingine, maana sikujua kama iko ya kuombwa. Niliomba mikono tu.

Jibu lilikuja na fundi baiskeli aliyefuata ovaroli yake. Huyu tunamwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Alianza kuongea ngazini, akaingia anaongea, na aliposikia habari ya ganzi akaongea zaidi.

"Dada, baiskeli haina kosa. Kosa la usukani! Huo wako una mahali pamoja pa kushika. Chukua resi. Usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Unashika juu, ukichoka unashika kwenye breki, ukichoka unashuka chini kwenye pembe. Sehemu tatu! Mkono mmoja unapumzika huku unafanya kazi. Nani mwingine duniani ana bahati hiyo?"

Mume wangu alipopata habari alishika kiuno. "Resi? Dada, una miaka arobaini na tisa!"

"Kwani usukani unauliza umri?"

"Hauulizi, ila barabara itauliza."

"Basi nitaijibu, kaka. Wewe ulipanda pikipiki mara moja ukaingia kwenye banda la mbuzi, nani alikuuliza umri?"

Nilitoka nje nisionekane ninacheka. Mume ni mume.

Kimya alikuwa na fremu ya resi nyepesi, ya buluu, imechubuka lakini nzima. Walikubaliana kubadilishana na ile ya zamani, na ovaroli mbili juu yake. Kisha Kimya akasema, "Wewe ndiye fundi wa vipimo. Jipime, mimi nitafunga kila kitu kwa vipimo vyako."

Hapo wifi yangu alijiona yuko kwake. Alisimama mbele ya kioo, kifua mbele, mimi nikashika futi ya kitambaa. Kiuno hadi chini. Bega hadi kifundo cha mkono. Shingo hadi kiuno. Akaandika yote kwa peni nyekundu, akapiga mistari chini yake kama hati ya serikali. Kimya akafuata karatasi bila kupunguza wala kuongeza.

Lile jaribio la kwanza sitalisahau. Alipanda asubuhi, suruali pana aliyojishonea imebanwa vizuri kwenye vifundo vya miguu, akaondoka kwa madaha. Hakufika hata nusu ya njia. Alirudi anaisukuma, shingo imekakamaa, hawezi kugeuka kumwona hata kuku. Usukani ulikuwa mbali, alikuwa amejinyoosha juu yake kama ngozi iliyowambwa, na uzito wote ukaenda mikononi. Ganzi ilimshika mapema kuliko kwenye ile ya zamani.

Aliiegemeza ukutani. "Jumamosi nairudisha," akasema. Kicheko kilikuwa hakimo kabisa ndani ya sauti yake. Akaingia chumbani, akaanza kuulizia nani angependa kununua cherehani. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu wifi yangu hutania kila kitu, lakini cherehani yake haitanii.

Ijumaa, siku moja kabla ya hiyo Jumamosi, wifi alifika kazini akipanda kidogo na kusukuma kidogo, na yule nesi alikuja kujaribu koti jipya. Alisimama mbele ya kioo, likamkaa kama amezaliwa nalo. Wifi, pini mdomoni, akamwambia kwa mazoea, "Inama kama unatandika kitanda."

Nesi akainama. Koti halikumvuta popote.

"Fundi wangu," nesi akasema huku bado ameinama, "wengine hutupima tumesimama kama askari, tukimwinua mgonjwa mgongo unapasuka. Wewe tu ndiye unayenipima nikiwa kazini."

Wifi alitoa pini mdomoni, moja, ya pili, ya tatu. Akanigeukia.

"Wifi. Nilisimama."

"Ulisimama wapi?"

"Nilipojipima! Nilisimama kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nani anaendesha baiskeli amesimama wima? Miaka thelathini nawapima watu walivyo kazini, mimi nikajipima kama bibi harusi!"

Na kile kicheko kikarudi, chote, cha watu wanne. Muuza rangi alipanda juu kuuliza kuna nini.

Hatukungoja. Wifi alikaa ukingoni mwa stuli, akainamia meza ya kukatia, viwiko vimekunjwa kidogo, mabega yamelegea, kama anavyoinama kwenye cherehani siku zote. Nesi akashika ncha moja ya futi, mimi nyingine. Nilisoma, nikasoma tena kwa sababu miwani yangu si ya kuaminika. Usukani ulitakiwa urudi nyuma sentimita sita na upande juu nne.

"Sita!" akasema wifi. "Ningemkatia mtu suruali fupi kwa sentimita sita angenishtaki."

Jumamosi tulimpelekea Kimya baiskeli na karatasi mpya. Aliitazama akajikuna.

"Mimi niliona ni ndefu tangu siku ile."

"Mbona hukusema?"

"Dada, ulikuja na karatasi ya peni nyekundu. Nikaogopa."

Siku moja tu maishani mwake Kimya amenyamaza, na ndiyo siku tuliyotaka aseme. Alifungua shingo ya usukani, ile inayoushikilia kwenye fremu, akaweka fupi yenye kuinuka. Wifi naye akatoa kwenye mfuko wake ngozi laini na vipande vya blanketi, akauvisha usukani mzima kwa mkono, mshono wa ndani, hadi kwenye pembe. Aliuvisha kama mtu anavyovisha mtoto. Kimya alipapasa ule mshono, akasema kwa mara ya kwanza akiwa na pumzi iliyobaki, "Hapa mimi ni mwanafunzi."

Kilichobaki kilikuwa kukumbuka kuhamisha mikono. Mtu aliyeshika mahali pamoja miaka kumi na miwili husahau kwamba ana ruhusa ya kuachia. Nikamwambia, "Sali sala fupi moja, ukifika amina, hamisha. Juu, breki, chini. Kisha anza upya."

Siku ya kwanza alirudi jioni akitokwa jasho, anameremeta. "Wifi, leo nimesali kuliko miaka kumi iliyopita. Malaika wameniuliza kama nina kesi."

"Na vidole?"

"Bado sivisemei. Wacha wiki ipite."

Wiki ikapita, wakatokea na watani wa barabarani. Pale kwenye mzunguko wanapokaa vijana wa bodaboda, walimwona mama wa makamo ameinama juu ya pembe, wakapiga miluzi. Mmoja akapaza sauti, "Mama fundi! Umedondosha sindano barabarani?"

Wifi hakupunguza mwendo. "Sindano ninayo! Natafuta mdomo wa kushona!"

Nasikia yule kijana mpaka leo wenzake wanamwita Mdomo, na wifi akipita wote wanasimama kumpungia. Mwendo wake nao umebadilika. Zamani alikuwa akifika kazini jua limeshapanda, sasa anafungua dirisha kabla muuza rangi hajafungua mlango, na anasema kile kilima cha karibu na kiwanda cha sabuni, alichokuwa akikipanda kwa miguu akisukuma, sasa anakipanda ameshika kwenye breki, anaimba. Namwamini. Anaporudi namsikia akiimba tangu kona.

Jumamosi ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mume wangu alisema anataka ushahidi. "Ninyi wanawake mtasema mikono imepona ili baiskeli ibaki. Mfunge macho."

Nikamfunga wifi macho kwa kitambaa. Alikaa mezani, mikono ameifungua mbele yake. Kwa mara ya kwanza siku ile hakutania. Nilisali kimya kimya, nikamwekea kipande cha kwanza.

Alikipitisha kati ya kidole gumba na kidole kidogo. "Popelini."

Nikaweka kingine. "Khaki. Imefuliwa." Kingine. "Hii satini, na nani ameikata hivi, panya?" Ilikuwa ni mimi. Cha nne alikishika muda mrefu, nikaanza kuogopa. "Fulana ya pamba," akasema, "geuza. Ndiyo. Upande wa nje ulinidanganya."

Mume wangu akanikonyeza, akaingia chumbani, akarudi na shati lake. Akamwekea mkononi.

Wifi alilipapasa kidogo tu. "Hili la kaka. Kola imekwisha upande wa kushoto kwa sababu hulalia redio. Na hiki kifungo cha tatu kimeshonwa na adui wa ufundi."

"Nimekishona mimi," mume wangu akasema.

"Ndiyo nasema."

Tulicheka mpaka mume wangu akakaa chini. Wifi alicheka pia, lakini kidole chake kidogo, kile cha kwanza kufa ganzi, kilibaki juu ya kifungo, kinazunguka polepole.

"Wifi," akaniambia taratibu, "nasikia hadi fundo la uzi."

"Ashukuriwe Mungu," nikasema.

Akavua kitambaa machoni, akavuta kiti karibu na dirisha, akamwomba kaka yake amletee sindano na uzi mweupe. Akautia uzi kwenye tundu mara ya kwanza tu, akaanza kukifumua kile kifungo.