Uso wa Baba Mkwe

Watu husema macho hayana pazia. Basi hao hawajaolewa Ngungu, kijiji cha milimani. Thacienne aliolewa huko akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu siku hiyo macho yake yalitiwa pazia zito: mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, wala halitamki jina lake. Akimpelekea maziwa anapiga goti, anainamisha kichwa, anaona mikono ikipokea kibuyu, basi, anarudi jikoni. Siku hizi mabinti wengi hawajali. Wanakula na baba mkwe meza moja na kumwonyesha picha za simu. Lakini mama yake Thacienne alikuwa mtu wa zamani, akamwambia, "Ukimutazama usoni, njo umemuvua nguo." Thacienne alitii kwa miaka kumi na moja, ndani ya ua mmoja na yule mzee.

Msidhani hakumpenda. Alipofiwa na mtoto wake wa kwanza, ni baba mkwe huyo, mzee Munyakazi, aliyepasua kuni na kuziweka mlangoni kwake kila asubuhi, kimya kimya, mpaka alipopata nguvu za kwenda kulima. Uzee ukaja, na akili ya mzee ikaanza kutangatanga. Alikuwa akitoka kwenda kutafuta ng'ombe walioibwa miaka mingi iliyopita, naye Thacienne akimfuata nyuma hadi kwenye mashamba ya maharagwe, akimwambia, "Papa, turudi." Wakarudi. Mume wake, Rukundo, alikuwa Walikale kwenye migodi ya kasiterite, mawe ya bati, mahali ambapo mtu hupanda mlima nusu siku ili apate rezo, mtandao wa simu. Siku ya kuondoka alisema neno moja tu: "Nakuachia papa."

Halafu vita vikapanda mpaka kwao, kama vilivyozoea kupanda. Watu wakashika njia ya Sake. Thacienne alimbeba mgongoni Nishimwe, binti yake wa mwaka mmoja, na mkono wa kulia akamshika mzee. Penye korongo ambapo mvua ilikata barabara, watu walipita mmoja mmoja wakisukumana. Mtoto akaanza kuteleza. Thacienne akauachia mkono wa mzee ili akaze kitenge. Kukaza kitenge kunachukua muda gani? Hata sala ya Baba Yetu haifiki katikati. Alipoinua kichwa, mzee hayupo.

Akaita, "Papa! Papa!" Wazee wote wa barabara ile wakageuka, maana nani si papa? Jina la mzee lilikuwa pale pale kwenye ulimi, na ulimi ukakataa. Mimi nikifika hapa huwa nakasirika, nataka kumtikisa mabega: litaje, mama, Mungu atakusamehe. Lakini miaka kumi na moja si kanga ya kuvua na kutupa. Aliita papa mpaka sauti ikakauka, na umati ukambeba kama mto hadi Mubambiro, kwenye kambi ya mahema nyuma ya kambi ya wanajeshi.

Kesho yake alienda kwenye hema la kuandikisha watu waliopotea. Karani wa pale aliitwa Nestor, kijana mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Jina la mzee Thacienne aliliandika mwenyewe, kwa kuwa kuandika si kutamka.

"Uko na picha yake?" Nestor akauliza.

Hakuwa nayo. Simu ilinyang'anywa njiani.

"Sawa. Unieleze uso. Iko mrefu ao wa muviringo? Iko na kovu?"

"Mikono yake..." Thacienne akaanza.

"Uso, mama."

Akainamisha kichwa. Nestor akamuuliza waliishi pamoja muda gani, naye akamwambia ukweli. Nestor akaacha kuandika, akamtazama namna mtu anavyomtazama mwizi. Thacienne alitoka pale aibu imemjaa hadi masikioni. Miaka kumi na moja, na sura ya mzee hana.

Hiyo ndiyo sababu alijiunga na masomo ya kuchora. Mwalimu alikuwa Noëlla, binti wa Goma, aliyefundisha kina mama wa kambini kila asubuhi ili, alivyosema mwenyewe, watoe yaliyowakaba moyoni. Thacienne hakutaka kutoa kitu. Alitaka kuingiza. Alifikiri labda mkono utakumbuka ambacho kichwa hakikumbuki.

Siku ya kwanza Noëlla aliweka bidoni, dumu la maji, juu ya jiwe. Wamama kumi na wanne wakachora kisanduku chenye mpini, wakamaliza upesi, wakaanza mazungumzo yao.

Noëlla akazipitia karatasi, akacheka. "Hii njo bidoni yenye iko mu kichwa yenu. Lakini hii ya mbele yenu imebonyea huku, na mufuniko ni kisigunzi cha muhindi. Nani alichora kisigunzi?"

Hakuna. Akawaambia wakae waitazame tu, bila kalamu. Wengine walinung'unika kwamba wameacha maharagwe motoni kwa ajili ya bidoni. Thacienne alitazama. Ilikuwa bidoni yake mwenyewe, aliyoteka nayo maji wiki tatu, na ndiyo kwanza anaona kwamba upande mmoja jua limeifubaza mpaka imekuwa rangi ya maziwa. Akaingiwa na hofu. Akajiuliza ni vitu vingapi vimepita mbele yake namna hii.

Baada ya mwezi mmoja mkono wake ulikuwa umetii. Akamchora mzee. Mikono ilikuja yenyewe: kidole gumba kilichopinda, kucha nyeusi, mishipa iliyosimama. Yakaja mabuti ya mpira yaliyolika upande wa nje. Ikaja shingo kwa nyuma yenye mikunjo miwili, aliyoijua kwa kumfuata kwenye maharagwe. Noëlla alipoona alishika mdomo wake. Kisha Thacienne akajaribu kumgeuza mzee atazame mbele, na hapo karatasi ikabaki nyeupe. Akaweka pua ya Rukundo, akafuta. Akaweka macho ya padri wa parokia yao, akafuta mpaka karatasi ikatoboka.

"Chora vile moyo inakuambia," Noëlla akamsihi.

"Moyo wangu haikumuona," Thacienne akajibu. "Nitadanganya."

Akampelekea Nestor ile mikono. Nestor aliitazama sana, akasema ni kazi nzuri, akaibandika kwenye turubai kati ya picha za nyuso. Hakuna aliyekuja kusema anaijua.

Mwezi wa tatu Nestor akamwita. Katika simu yake ilikuwapo picha iliyotumwa na watu wa kanisa moja kule juu milimani: mzee aliyeokotwa migombani, amekwisha kufa, macho yamefungwa. Umri ulikaribiana na wa mzee Munyakazi.

"Wanazika kesho, pamoja na wengine," Nestor akasema polepole. "Kama ni yeye, wataandika jina ku musalaba. Kama hakuna mwenye kumujua, wanazika tu."

Ilikuwa picha ya uso peke yake.

"Mikono?" Thacienne akauliza.

"Hawakupiga mikono, mama."

Huko juu hakukufikika, njia ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki. Simu ya Rukundo, waliyoipiga mara sita, haikuita, na majirani waliomjua mzee walikuwa wametawanyika kwenye kambi za mbali. Thacienne alijua vizuri kilichokuwa mbele yake. Akisema ndiyo, na kumbe siye, faili litafungwa, na mzee Munyakazi atabaki akizunguka mahali fulani akitafuta ng'ombe bila mtu wa kumtafuta yeye. Akisema hapana, na kumbe ndiye, atazikwa kama mbwa.

Akaomba karatasi. Nestor akamwachia simu, akakaa nje ya hema.

Mwanzoni macho yalikimbia. Alijisikia anamvua mzee nguo, na alilia huku akichora, akifuta karatasi kwa kiganja isilowe. Lakini alikuwa amefundishwa kutazama, akatazama. Kovu lililokata nyusi ya kushoto. Sikio lililopungua kipande. Mdomo uliovutwa upande mmoja. Alipomaliza, uso ule aliujua kuliko wake mwenyewe, na bado hakujua ni wa nani.

"Sijui," akamwambia Nestor. Nestor akaandika hivyo.

Baadaye kambi ikavunjwa, mahema yakang'olewa, Nestor na daftari zake wakaenda kusikojulikana. Thacienne akarudi Ngungu na Nishimwe kwenye nyumba isiyo na mabati. Msimu wa kupanda maharagwe, Rukundo akatokea kutoka Walikale, amekonda, matope mpaka magotini. Alikuwa hajaketi bado Thacienne alipompa karatasi ya ule uso. Hakuweza kungoja hata amletee maji ya kunawa.

Rukundo akaitazama. Akaweka kidole juu ya nyusi.

"Hapa ngombe ilimupiga pembe," akasema. "Nilikuwa mutoto. Nilishika kitambaa." Akakaa chini, pale pale uani. "Wamemuzika wapi?"

"Sijue."

"Waliandika jina?"

"Hapana. Niliwaambia simujue."

Rukundo akainua macho. Hakukasirika, na hilo lilimuumiza Thacienne zaidi, kwa maana kama mumewe angekasirika, yeye angalau angejitetea.

"Lakini ulimutazama mpaka ukamuchora vizuri hivi."

"Ndiyo."

"Na haukumujua."

"Ndiyo," Thacienne akasema, akaingia jikoni kumletea maji.