Vyeti Alivyogawa kwa Mkono Wake

Mpwa wangu, fundi cherehani, amerithi vitu viwili kwetu: mikono ya marehemu dada yangu na ubishi wangu mimi. Uzuri hakuurithi, huo nimebaki nao mwenyewe. Miaka kumi na tisa ameshona kwenye kibaraza cha duka la vyuma, na shati ambalo halijapita chini ya sindano yake ni kitambaa tu.

Ulipotangazwa mpango wa serikali wa ajira, afisa wa vijana alimfuata pale kibarazani.

"Dada, nifundishie vijana ishirini. Wakihitimu, sare za shule zote zitashonwa na mafundi wa hapa hapa. Na wewe ndiye wa kwanza."

"Umeandika mahali?" nikamwuliza. Mimi niliishia darasa la sita, lakini wasomi hunikwepa.

"Mzee, neno langu linazidi karatasi."

"Mjomba, muache kaka wa watu!" mpwa wangu akacheka.

Akafunga kazi miezi sita, akawafundisha kutia uzi, kukata kola, kufumua bila kujeruhi kitambaa. Wateja wakahama. "Subira huvuta heri," alinijibu kila nilipomchokoza. Heri ikavutika kweli, ila kwa wengine.

Zabuni ilipotoka tulikwenda ofisini, yeye, mimi na tai yangu. Afisa akapekua fomu.

"Cheti chako?"

"Cheti gani? Vyeti nimewagawia mimi, kwa mkono huu!"

"Ndiyo hapo sasa. Sera inataka mhitimu wa mpango. Wewe jina lako liko kwa walimu." Hakumtazama usoni. "Sheria siyo yangu, dada."

"Na lile neno lililozidi karatasi?" nikauliza. Akamwita aliyekuwa nyuma yetu.

Sare wakapewa wanafunzi wake. Mmoja wao, msichana ambaye mpwa wangu alimpenda kuliko wote, akaja kibarazani, macho chini. "Mwalimu, kola zinatushinda. Njoo utusaidie, tutakulipa kwa siku."

Nilitaka kumtukana kwa niaba ya ukoo mzima. Mpwa wangu akanishika mkono.

"Darasa jipya linaanza lini?" akamwuliza.

Jumatatu akaketi dawati la nyuma, mwanafunzi kama wengine, akikifuata cheti, na anayefundisha ni yule yule msichana, aliyeachiwa darasa na afisa. Nilichungulia dirishani. Msichana akatia uzi kwenye sindano kutoka upande usio wake, akasita, akamtazama mpwa wangu.

Mpwa wangu alifungua daftari lake. Aliinamisha kichwa, akaliandika kosa lile daftarini, kama lilivyo.