Mzee Aliyekataa Anwani ya Kuazima

Jumamosi tulimzika mzungu wa Kalangalala, na mpaka leo nina hasira na kifo. Habari ilinikuta sokoni nachagua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Mkewe alipiga simu, akanipa shikamoo yangu kama siku zote, kisha akasema mwenzangu ametutoka alfajiri. Michembe niliiacha palepale. Jina la marehemu silitaji, safu hii haina desturi hiyo, ila watu wa Geita mmeshamjua: yule mzee mrefu aliyewasalimia wauza nyanya kwa Kisukuma kibovu bila aibu yoyote. Alikuja zamani kama fundi wa pampu za kuvuta maji mgodini. Akaoa binti wa Ushirombo, akatoa ng'ombe kama mkwe mwingine yeyote, akafunga ndoa kanisani, wakapata binti. Alipostaafu, wenzake walipanda ndege kurudi kwao Ulaya. Yeye akaezeka nyumba, akafuga kuku. Alikuwa mbishi, wasomaji wangu. Mbishi kunizidi mimi, na mnaonijua mnajua hilo si jambo dogo.

Watu wengi huku wanadhani kazi ya mzungu mstaafu ni kukaa barazani akisubiri hela zianguke. Thubutu. Pensheni ya mzee ilikuwa inaingia kwenye benki ya kwao, ndipo aitume huku, na kibali chake cha kuishi nchini kilitegemea aonyeshe kila mara kwamba kipato hicho kipo. Pensheni ikikwama, kibali kinakwama; kibali kikikwama, mtu anatenganishwa na mkewe. Sasa benki ile ikabadilisha masharti. Ikasema haitaki tena wateja wanaoishi mbali mpaka wathibitishe makazi yao, na uthibitisho inaoutaka ni bili ya umeme yenye jina la mteja. Sisi umeme tunanunua kwa simu, tunabonyeza namba kwenye mita, biashara imekwisha. Bili itoke wapi? Wazungu wenzake waliostaafia Mwanza wakamcheka. Wakamwambia aandike anwani ya dada yake aliyeko kule Ulaya, benki ione hajahama, maisha yaendelee. Wao wote wanafanya hivyo na hakuna anayewagusa. Shemeji zake nao wakaona hiyo ndiyo akili. Mzee akashupaza shingo. "Dada yangu anaishi kwake, mimi naishi kwangu," alituambia. "Sijaiba kitu cha mtu. Kwa nini nijifiche?"

Na hakuishia hapo. Kama ninaishi hapa, akasema, basi na habari ya kodi nikaiulize hapa. Akachukua karatasi zinazoonyesha kodi anayokatwa kwao kwenye pensheni, akaenda mwenyewe ofisi ya kodi kuuliza nchi anayoishi inamdai nini, na afanyeje asikatwe mara mbili. Nilimsindikiza, sikutaka kuhadithiwa. Kijana wa dirishani alimsikiliza, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita bosi, na bosi akauliza kwa upole ni nani aliyemripoti. Hakuna, mzee akajibu, nimejileta. Nyuma yetu kwenye foleni alikuwepo mnunuzi mmoja wa dhahabu, wa hawa wanaoshindia Rwamgasa kuwasubiri wachimbaji watoke mashimoni. Alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi bwana yule simsamehe kicheko kile. Amejenga hapa, anakula hapa, anatibiwa hapa, lakini ukimgusia kodi anakwambia biashara yake iko Dar es Salaam. Mfuate Dar, atakwambia iko Geita. Mgeni anakuja na karatasi zake mkononi, mwenyeji anapiga chenga, halafu anayechekwa ni mgeni. Wale vijana wa ofisini walimwelewesha vizuri, nawapa haki yao, na kila mwaka alirudi kuwaonyesha karatasi.

Upande wa benki ndiko kulikouma. Mtendaji wa mtaa alimwandikia barua ya utambulisho, mwenyekiti akagonga muhuri, na namba ya simu ya mwenyekiti ikawekwa chini. Benki ikapiga kweli, pamoja na mkalimani. Ikauliza kama anamfahamu bwana fulani, ikataja majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti. Mwenyekiti, mtu mwaminifu, akafikiri kwa bidii, akajibu kwamba mtaani kwake hakuna mtu wa jina hilo. Na hakudanganya. Huku kwetu mtu akishapata mtoto, jina lake tunaliweka kabatini. Mzee tulimwita Baba, tukaongeza jina la bintiye, basi. Kwenye jumuiya ni hivyo, kwenye vikao ni hivyo, kwenye daftari la michango ya misiba ni hivyohivyo. Ile barua mwenyekiti aliigonga muhuri bila kulitazama jina, kwa sababu mwenye barua alikuwa amesimama mbele yake na anamjua. Nani ahangaike kusoma karatasi wakati mtu mwenyewe yupo? Benki ikafunga akaunti, ikaandika sababu kuwa mteja amedanganya makazi. Sisi tuliojua kila kitu tulishindwa hata kucheka.

Mwenyekiti alipoelezwa, alikuja kwa mzee ameinamisha kichwa, akabeba na debe la mahindi. Mzee alimcheka sana, akamkaribisha chai. Mkewe hakucheka. Kibali kilikuwa kinakaribia kuisha, hakuna cha kuonyesha, na dawa za moyo zilikuwa zinanunuliwa kwa mauzo ya mayai. Shemeji wakarudi na wimbo wao wa anwani ya dada, safari hii wakimbembeleza. Mzee akasema hapana. Akaiandikia ofisi ya pensheni yenyewe, akaiomba imlipe moja kwa moja kwenye benki ya hapa mjini, hata kama makato ya kubadilisha fedha yatamuumiza. Ofisi ikataka kumwona kwa video, yeye na shahidi wake. Tukakusanyika mbele ya ofisi ya mtaa, mwenyekiti amevaa koti lake la sikukuu. Akaulizwa anamjuaje mtu huyu. "Ninyi mnalijua jina lake, sisi tunamjua yeye," akajibu. "Tumechimba naye makaburi ya watu wetu. Mnataka nini zaidi?" Mkalimani wao akatafsiri. Pensheni ikaanza kuingia Geita kibali kikiwa bado hakijaisha, pungufu kwa yale makato, na mzee aliyabeba makato hayo mpaka mwisho wa maisha yake.

Tangu msiba nawaza juu yetu wenyewe. Nyumba tumeandika jina la mjomba, gari la shemeji, duka la mtoto anayenyonya. Watoto wetu walioko ughaibuni nao, huko wanasema wanaishi huku, huku wanasema wanaishi huko, kutegemea nani anauliza. Tunauita ujanja, mimi nauita woga, na atakayekasirika akasirike. Nazo benki na ofisi za wakubwa zinautunza woga huo, maana hazijawahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuichagua Kalangalala kwa hiari yake na akili zake timamu. Ukisema kweli unazungushwa, ukidanganya unahudumiwa haraka. Mzee alikubali kuzungushwa. Hakukubali kuona aibu ya mahali anapolala.

Juzi, tumetoka tu kuanua matanga, mpwa wa marehemu akapiga simu kutoka Ulaya, kijana mwema kabisa. Akamweleza mjane kwamba ana haki ya sehemu ya pensheni ya mumewe, ila maombi yatakwenda haraka zaidi akiandika anwani ya kule. Barua zote yeye mpwa atazipokea. Tuliokuwa mkekani wote tukamtazama mama wa watu. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia, ndani hamna kitu, na haraka ndiyo hasa aliyokuwa anaihitaji. Alimshukuru kijana, akakata simu, akaniuliza kama nina kalamu. Nikasema ninayo.

"Andika Kalangalala, Geita," akasema. "Kama ni kunipa, wanipe hapahapa ninapomlilia."

Nikaandika. Nanyi mnaonisoma, siku mkiulizwa mnaishi wapi, semeni mnapoishi.